Majaji wa Indian Idol wanasifu mpaka waliochemka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kuna makala mlitoa kuhusu watu wa pwani na mashindano ya kuimba ya Wahindi, mwandishi wenu akasema sisi huku tunafuata nguo na vilio tu, Kihindi chenyewe hatukijui kwa hiyo hatuwezi kusema nani kaimba na nani kachemka. Mi niko Ngamiani hapa Tanga, na kwa kweli hilo neno limenikera. Aje akae na kina mama wa barabara yetu siku Indian Idol, shindano lenyewe la kuimba la TV ya India, iko hewani aone kama kuna wa kumdanganya mtu.

Tanga hii ndo ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, taarabu ya magitaa, na watu wamekulia kwenye sinema za Kihindi, kuna mabibi hapa wanaimba nyimbo za Lata Mangeshkar, mwimbaji wa sinema hizo, mwanzo mwisho na ukiwaambia waombe maji ya kunywa kwa Kihindi hawawezi. Sikio kama hilo linahitaji mkalimani wa nini kujua kijana kapanda juu akaishia njiani? Matamshi sawa, hapo tunawaachia wenyewe wenye lugha yao, lakini mtu akitoka kwenye kii, yaani sauti ikaacha njia ya vyombo, ametoka tu, awe anaimba Kihindi, Kisambaa au Kidigo.

Na kupima kwetu si kwa kubahatisha. Ule mwanzo wa wimbo, wenyewe wanaita mukhda, kila mtu anauweza maana ndo unarudiwa rudiwa na watu wanaitikia, mshiriki anapimwa kwenye antara, ule ubeti unaopanda, hapo ndo utasikia pumzi imekata katikati ya neno, sauti inatetemeka, au anaanza kupiga makelele ili kuficha kwamba noti hajaifikia. Halafu angalia kachagua wimbo gani. Wengine kila wiki wanakuja na nyimbo za kurukaruka, wachezaji nyuma, beki voko, sauti za waitikiaji, zimejaa, sauti yake mwenyewe huisikii vizuri mpaka shoo inaisha. Mpe huyo wimbo wa taratibu wa Lata au wa Mohammed Rafi, vyombo viwili tu nyuma, ndo tujuane. Na kuna hawa wanaoigiza sauti ya mwimbaji mkongwe Kishore Kumar mpaka kikohozi, majaji wanasimama wanapiga makofi, mi najiuliza sasa wewe mwenyewe uko wapi humo ndani?

Ndo maana nasema mwandishi wenu kakosea pa kupiga, angewageukia majaji. Msimu wa 12 ule wa kuanzia 2020 mpaka 2021 walikuwepo Neha Kakkar, Vishal Dadlani na Himesh Reshammiya, watu wa muziki wote hao, hawana sikio bovu. Lakini kila anayeimba ni "sijawahi kusikia kitu kama hiki". Ukasema labda ni sisi tuna roho mbaya, kumbe Amit Kumar, mtoto wa Kishore mwenyewe, alialikwa kwenye kipindi cha kumuenzi baba yake Mei 2021, na baadaye akawaambia waandishi wa habari kwamba aliambiwa awasifie washiriki wote, na kipindi chenyewe hakukipenda! Sasa kama mgeni anapewa maelekezo hivyo, sisi watazamaji tumshike nani? Ajabu yenyewe Neha Kakkar naye alikuwa mshiriki hapo hapo, msimu wa pili, akatolewa, na leo ni staa. Kutolewa hakumuui mtu. Arijit Singh anayeimba nusu ya nyimbo mnazozisikia kwenye harusi alitolewa Fame Gurukul, shindano jingine la kuimba la India, mwaka 2005, hakufika hata finali. Huku kwetu Bongo Star Search wakati ule washiriki walikuwa wanachanwa laivu, watu wakalalamika ni ukatili, na kweli kuna siku ilizidi, ila angalau uliondoka unajua tatizo lako ni nini.

Jaji akisifia wote, kazi ya kuchuja inabaki kwenye kura, na kura zina mambo yake. Mwaka 2007 Prashant Tamang, askari polisi wa Kolkata aliyetokea Darjeeling, alishinda Indian Idol baada ya watu wa kwao kufanya kampeni kubwa ya kumpigia, na Amit Paul wa Shillong naye alikuwa na watu wake nyuma. Siwalaumu, kila mtu anavutia kwao. Kwenye taarabu tunaijua sana hii, mtu anainuka na noti zake kwenda kumtunza mwimbaji kumbe sauti hata hakuisikia, kasikia fumbo limempata jirani yake basi furaha tele. Pesa ile si maksi za sauti na hakuna anayejidai kwamba ni maksi. Ila pale kwenye TV wanataka tuamini, na kabla mtu hajaimba wanatuwekea kwanza mama yake analia na nyumba yao inavuja, sasa nani atasema mtoto katoka kwenye kii?

Sisemi wote ni wabovu. Pawandeep Rajan aliyechukua ule msimu wa 12, finali iliyochukua karibu masaa kumi na mawili tarehe 15 Agosti 2021 (nani alikaa mpaka mwisho? mi nililala), yule hata huku hakuna aliyebisha, anaimba huku anapiga chombo na sauti haimtoki. Arunita Kanjilal aliyekuwa wa pili, hapa mtaani bado kuna wanaodai ndo alistahili, na wanakutajia kabisa kwenye antara ya wimbo gani.

Kwa hiyo Mhariri ukurasa wenu wa burudani upunguze kutuandikia nani kalia na nani kavaa nini. Tuandikieni nani katoka kwenye kii na katokea wapi. Kama hamna mtu wa kukesha kuangalia, Ngamiani wapo, na chai ya maziwa tutamchemshia.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga