Tuambieni kilo zina maana gani

Mhariri,

Alhamisi iliyopita mkaza mwanangu alirudi kutoka kliniki, mimba ya miezi mitano, nikamuuliza amepimwa kilo ngapi. Akanambia 81. Ni nzuri au mbaya? "Hawakusema, mama." Nimemwachia binti yangu karai la mahamri ili niandike barua hii, kwa sababu jibu hilo nilishalisikia katika mimba yake ya kwanza, na tulilipia.

Mimba ile mlishaji nilikuwa mimi. Nauza mahamri hapa Kisauni mwaka wa 22 huu, basi alfajiri alipata manne na mbaazi za nazi. Saa nne viazi vya karai na ukwaju. Alasiri soda baridi. "Kula mwanangu, hapo muko wawili," ndio uliokuwa wimbo wangu kutwa, na akisema ameshiba namwona kama anadharau mkono wangu. Biashara yangu siitukani, lakini nayajua yaliyomo: unga mweupe, sukari, tui, kisha yote hayo yaogelee kwenye mafuta.

Kliniki hakukosa hata mara moja. Nilimsindikiza mara mbili nikajionea. Anavua ndara, anapanda mizani na buibui lake, siku moja hata na mkoba begani. Muuguzi anasema "themanini na sita", mwenzake anaandika, "haya, mwingine!" Kijitabu ninacho hapa mbele yangu: mwezi wa tatu kilo 74, wiki ya mwisho 97. Kilo 23 zimeandikwa kwa wino mzuri wa buluu, na hakuna aliyemwambia kama zimezidi. Sukari alikuja kupimwa mwezi wa nane, ikakutwa juu, ilhali kipimo hicho hufanywa baina ya wiki ya 24 na ya 28.

Alipasuliwa, mtoto akatoka na kilo 4.4. Tukapiga vigelegele: mashaallah, bonge la mtoto! Saa chache baadaye bonge letu halishiki ziwa, mikono inatetemeka, sukari imeshuka. Alilazwa siku tatu. Daktari mmoja kijana ndiye aliyevuta kiti akanieleza. Sukari ya mama huvuka kondo la nyuma ikamfikia mtoto, lakini insulini ya mama, ile inayoshusha sukari mwilini, haivuki. Basi kongosho la mtoto hutengeneza insulini yake kwa wingi, na sukari ya ziada hugeuka mafuta mwilini mwake. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama imekoma, insulini bado tele. Na mtoto kama huyo, akanambia, akikua huwa karibu zaidi na unene na kisukari kuliko wenziwe.

Usiku ule nikamfikiria babake. Nilimzaa mwaka 1987, na mimba yake nilinyimwa mayai na hata wali wa kushiba. Marehemu mamangu akisema mtoto akinona tumboni nitapasuliwa. Nikawa nala udongo kwa siri. Alitoka na kilo 2.1, na leo meza yake ina vidonge vya presha. Sisemi ni mimba peke yake. Kijana wangu chumvi anaipenda, na kwa miguu hendi hata dukani. Lakini binti yangu, anayesomea uuguzi, alinisomea habari za wakunga wa Hertfordshire, Uingereza, waliokuwa wakipima watoto na kuandika uzito wao vitabuni tangu mwaka 1911. Miaka ya 1980 Profesa David Barker na wenzake wakavifukua vitabu vile, wakafuatilia maisha ya wanaume zaidi ya 5,600. Waliozaliwa wepesi na kubaki wepesi walipotimiza mwaka mmoja ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo.

Mamangu alininyima kwa mapenzi, nami kwa mapenzi yale yale nikamjaza mke wa mwanangu.

Wataalamu wa Marekani walitoa makadirio yao mwaka 2009. Mwanamke wa uzito wa wastani aongeze kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba nzima, mwembamba 12.5 hadi 18. Mnene kiasi 7 hadi 11.5, mnene sana 5 hadi 9. Mkaza mwanangu, kwa kimo chake na zile kilo 74, alikuwa mnene kiasi. Kumwambia hayo kunachukua muda gani? Mama akivaa ndara zake muuguzi ameshamaliza. Najua foleni ni ndefu na wauguzi ni wachache, mabenchi yale nimeyakalia. Wala sitaki wasichana wetu waanze kujikondesha na mimba tumboni, hilo nalo ni balaa lake.

Na sisi mama wakwe tuiteni. Picha za ukutani kliniki ni mama na baba wanatabasamu. Anayepakua chungu hayumo.

Siku hizi nyumbani ni hamri moja, mbaazi nyingi, mchicha, samaki, na jioni twatembea pamoja hadi stejini na kurudi. Soda tumeiachia harusi. Tarehe ya kliniki ikifika nitakwenda naye hadi kwenye mizani, mkoba nimshikie mimi, na nambari ikitajwa nitauliza: zimezidi, zimepungua, au ziko sawa?

Mama Zuhura,
Kisauni, Mombasa