Kwa shoga yangu, kutoka ng'ambo ya Feri

Mjimwema, Kigamboni,
Dar es Salaam.

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka ng'ambo. Huku sote wazima, ukiacha mafua ya watoto ambayo hayaishi. Barua yako nimeipata, na lile swali lako nilimsomea baba watoto akacheka: eti kabla hamjanunua kiwanja huku, Kigamboni bado shamba au siku hizi ni mji? Nikaona la simu hili silo, salio litakata hata sijafika kwenye daraja. Chukua chai, ukae.

Kwanza ondoa hilo wazo kwamba watu wameanza kuishi huku juzi. Ukienda Gezaulole utaoneshwa Mbwamaji, makazi ya kale ya Washomvi, Waswahili wa pwani hii, yenye makaburi ya mawe na chokaa. Misafara ya kwenda bara ilikuwa ikitokea hapo kabla Sultani Majid hajaanza kujijengea Dar es Salaam miaka ya 1860. Wazee wa Kizaramo wa huku wakikutania kwamba mjini kwenu ndiko kwa wageni, usiwabishie. Bandari tu ndiyo iliyoangukia upande wa pili, sisi tukabaki na minazi na mikorosho.

Serikali ilipotukumbuka, ilileta vitu vinavyopenda kukaa karibu na bandari bila kuibana. Mwaka 1961 TANU ilifungua Chuo cha Kivukoni hapa ufukweni, ndicho hiki sasa kinaitwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 1966 kikaja kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER. Miaka miwili baadaye likamalizika bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka hapa Kigamboni hadi Ndola, kwa sababu Zambia isingeweza tena kutegemea njia ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, baada ya Ian Smith na serikali yake ya walowezi kujitangazia uhuru mwaka 1965. Yaani mafuta yalipata njia ya kufika Ndola, na sisi tuliotaka kuvuka kamkondo ka maji tu kwenda Magogoni, upande wa mjini, tukaendelea kusubiri pantoni.

Na pantoni ndiyo iliyotulea, usione nailalamikia. Unafika asubuhi, unagusisha kadi getini, unaingia kwenye banda la kusubiria, mmebanana bega kwa bega. Mwanafunzi amelala wima. Mama ana ndoo ya vitumbua imefunikwa kitambaa, harufu inawatesa wenye njaa. Pale nje magari yamepanga foleni, na wenye baiskeli zenye matenga ya kuku wanajipenyeza mbele. Lango likifunguliwa watu wanatimua mbio kana kwamba pantoni inaondoka na nusu yao, wakati wote wanajua itajaa na itasubiri. Ukivuka hivyo kila siku unawajua watu kwa nyuso hata kama majina huyajui. Fulani hayupo wiki nzima, mtu anauliza. Ndiyo maana nauli ilipopanda kutoka shilingi 100 hadi 200 mwaka 2012 kelele zilikuwa za watu wote kwa pamoja, na Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, akajibu kwamba asiyetaka apige mbizi. Mpaka leo likitajwa hilo kijiweni, nusu wanacheka na nusu wanasonya.

Huyohuyo ndiye aliyekuja kuzindua daraja, akiwa Rais, Aprili 2016. Mita 680 kutoka Kurasini, njia sita, na likapewa jina la Mwalimu Nyerere. Mwenye gari alipumua, ingawa tozo yake imelalamikiwa kuliko hata nauli ya pantoni. Asiye na gari aliendelea na pantoni, maana kwenda Posta, katikati ya mji, kwa kuzungukia Kurasini ni safari ya kupotezea muda.

Lakini mimi siamini kwamba daraja ndilo lililoleta watu. Watu walianza kuja kwa viwanja. Ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima Kibada, Gezaulole, Mwongozo, Kisota na hapa kwetu Mjimwema, na wafanyakazi wengi wa mjini wakapata hati zao za kwanza huku. Kisha mwaka 2008 ikatangazwa kwamba patajengwa Mji Mpya wa Kigamboni, na sisi wenye viwanja tukazuiwa kujenga. Hapo ndipo tulipojifunza subira ya kweli. Una kiwanja, una tofali, huruhusiwi kuinua ukuta. Chumba kinavuja, unajiuliza uezeke upya au usubiri fidia. Miaka ikapita. Mbunge wetu, marehemu Dkt. Ndugulile, alilipigia kelele jambo hilo bungeni bila kuchoka, na alipofariki Novemba 2024 akazikwa hapahapa Kigamboni, watu wakajaa. Mradi wenyewe ulikuja kufa, na wakala wake ukavunjwa. Kule Dege nako utayaona maghorofa yaliyokwamia njiani.

Kwa hiyo ukiniuliza nani amejenga Kigamboni, nitakwambia ni mtaa. Michoro mikubwa imekuja na kuondoka, na muda wote huo watu walikuwa wanafyatua tofali, wanachimba visima na kuzikana. Sensa ya 2012 ilihesabu watu kama 162,000 katika eneo ambalo sasa ni wilaya. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 317,000. Hakuna mji mpya uliojengwa hapo katikati.

Nikueleze la msiba, maana ndilo litakalokupokea. Mtaani kwetu kuna chama cha kufa na kuzikana. Mwekahazina ana daftari la kaunta, kurasa zake zimevimba kwa unyevu wa bahari, na kila kaya ina mstari wake. Sufuria kubwa, sahani na turubai vinakaa stoo kwake, kila sahani ina doa la rangi nyekundu nyuma ili isichanganyike na za mtaa wa pili. Mtu akifariki alfajiri, saa mbili turubai liko juu, wanawake wako kwenye mafiga, na hakuna anayeuliza marehemu alikuwa wa dini gani. Akina mama wa vikoba wanachangia kivyao. Mgeni aliyehamia na geti lake refu, asiyeonekana misibani, hasemwi vibaya, anasubiriwa tu. Siku yake ikifika watu wanakwenda, ila daftari linafunguliwa kwanza.

Maji? Kila mtu na kisima chake, vingine vina chumvi, na mwenye kisima kizuri ndiye mwenye heshima. Ila kuna jambo moja linanifurahisha. Mwishoni mwa 2022, mto Ruvu ulipopungua na jiji likakauka, visima virefu vya Kigamboni viliwashwa na maji yakavushwa kwenda mjini. Shemeji yangu wa Ilala, yule aliyekuwa akituita wa porini, nilimpigia simu makusudi kumuuliza kama maji yetu ni matamu.

Sasa kiwanja. Usinunue kwa dalali anayekutumia picha kwenye simu. Njooni wenyewe, wewe na shemeji, twende ofisi ya serikali ya mtaa tumuulize mwenyekiti, kisha tuulize majirani wa pande zote nne, maana huku kiwanja kimoja kinaweza kuuzwa kwa watu watatu, na kila mmoja akawa na karatasi yenye mhuri. Kama hakijapimwa, kiacheni hata kama ni cha bei ya bure. Na hati mkaihakiki ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata senti. Mimi ningewapeleka Kibada kuliko Kimbiji, si kwa sababu Kimbiji ni kubaya, bahari ya kule ni nzuri sana, lakini ni mbali, na wewe unafanya kazi Posta na nakujua asubuhi ulivyo.

Mje Jumapili, pantoni haibani sana. Mkifika upande huu msipande bajaji ya kwanza itakayowakimbilia, vukeni barabara mpande daladala. Na uje na lile bakuli langu la udongo, lina mwaka kwako.

Wako daima,
shoga yako wa ng'ambo