Slaidi mmezisifia, hesabu je?

Mhariri,

Ile ripoti yenu ya wanafunzi wa PhD wanaowasomesha wenzao wa digrii ya kwanza hesabu nzito imenikuta nimenyamaza miaka sita, na ningeendelea kunyamaza kama si ile picha. Vijana wamejipanga mbele ya skrini, meno yote nje, halafu chini mnaandika eti kwa semista moja wameshakuwa wabobezi. Wabobezi wa nini jamani?

Mimi nimekuwa mentori. Saa moja kwa wiki, watu wawili na kitabu kimoja, basi, ndivyo wanafunzi wa PhD pale University of Chicago walivyouanzisha mpango huu 2003 na utamu wake wote uko hapo. Mwanafunzi wangu wa mwisho tulikuwa tunasoma nadharia ya Galois, yule mwanahisabati Mfaransa, yaani kwa nini mlinganyo wa kipeo cha tano hauna kanuni kama ile ya kipeo cha pili tuliyokariri sekondari. Tukakwama mstari mmoja. Kitabu kinasema "ni dhahiri" kwamba ukiwa na namba tano, ukaruhusiwa kuzizungusha zote kwa pamoja na kubadilishana mbili tu ulizochagua, utafikia mipangilio yote 120. Dhahiri kwa nani? Wiki tatu tuko hapo hapo, kichwa kinauma, siku moja huyo kaja na vikaratasi kavikata mwenyewe, kaviandika 1 mpaka 4, anazungusha, anabadilisha 1 na 3, anazungusha tena, weee, mwisho ananiambia mbona huku napata 8 tu na ilitakiwa 24, kumbe tano inakubali kwa sababu ni namba tasa! Sikumwambia mimi. Niliinuka kwenye kiti.

Ikafika zamu yake ya kuwasilisha mbele ya watu alichosoma, mratibu wa mpango akauliza slaidi ziko wapi. Vikaratasi "havivutii", mwambie aongelee Galois alivyopigwa risasi kwenye pambano la bastola 1832 akiwa na miaka 20. Na ndicho alichoongelea, dakika kumi na mbili, bastola kubwa skrini nzima, makofi kama harusini. Vile vikaratasi ninavyo mimi mpaka leo.

Na hizi barua za mapendekezo nazo! Mimi ndiye nimekaa na kijana semista nzima, ila akiomba masomo ya juu barua yangu haina uzito, anatakiwa profesa, na profesa ananitumia meseji nimwandikie yeye atasaini. Akasaini kweli, na kabla ya kusaini akalirekebisha jina la kijana, akalikosea.

Dawa ninayo. Slaidi marufuku. Chaki moja, ubao, na ule mstari mmoja uliomkwamisha. Maprofesa wakae safu ya mbele, simu zao kwenye ndoo mlangoni, na atakayetamka "ni dhahiri" apande yeye athibitishe. Siku hiyo ndiyo mumlete yule mpiga picha wenu.

Mentori mstaafu