Mwanangu, mwambie nesi kuhusu yale madoa

Asalaam alaykum mwanangu. Habari ya mimba nimeipata kwa baba ako, alhamdulillahi, nimelia mpaka jirani kaja kuuliza kuna msiba gani. Lakini kuna kitu kimenikaa rohoni toka jana, we pengine ushasahau maana ulikuwa na miaka 7 tu.

Msimu ule wa karafuu ulishikwa na mafua na koo, ukapona, kama wiki mbili baadae nakuogesha naona madoa mekundu yanaelekea zambarau, miguuni mpaka makalioni, nkasema kaumwa na majimoto, wale sisimizi wekundu, huyu kapanda mkarafuu. Kumbe wapi. Asubuhi kifundo cha mguu kimevimba hukanyagi, tumbo linakukata unajikunja kama pweza. Bibi ako akasema hasadi, kituo cha kwanza wakatupa dawa ya malaria bila hata kupima (sijawasamehe). Daktari wa pili ndo akachukua gilasi akakandamiza juu ya doa, doa halikupotea, akasema hii damu imevuja nje ya mishipa.

Akanieleza kinga ya mwili ilitoka kupigana na mafua ikapitiliza, ikavivimbisha vimishipa vidogo vya damu, vya ngozi, vya matumbo, viungo na figo. Haliambukizi gonjwa hilo. Lina jina la Wajerumani wawili, Henoch na Schönlein, siku hizi wanaita vaskulitisi ya IgA (yaani mishipa ya damu kuvimba, na hiyo IgA ni moja ya kinga za mwili), huwapata zaidi watoto na wengi hupona wenyewe kwa wiki kadhaa. Tabu yake kubwa figo, ndo mana miezi 6 nilikuwa nasafiri na kikopo cha mkojo wako kwenye gari ya Wete hadi Chake, nimekifunga ndani ya mfuko watu wasijue, na mara moja ulitoka rangi ya chai kavu nikahisi roho inatoka. Baadae ukasafika.

Sasa aliyepata hilo utotoni akibeba mimba, presha na mkojo viangaliwe kwa karibu, hata kama figo zilipona. Siku ya kliniki mwambie nesi mwenyewe usisubiri uulizwe, aandike kwenye kadi. Na ukiona uso unavimba au kichwa kinauma hakiachi au macho yanaona ukungu, usingoje tarehe, nenda siku hiyohiyo.

Cheti chako cha zamani kipo sandukuni kwangu, mchwa wamekila pembeni ila kinasomeka, ntampa baba ako akija na boti Jumamosi pamoja na mkate wa kumimina.