Kuongea Kihispania nyumbani si sawa na kujua kutibu kwa Kihispania

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu uhaba wa wanasaikolojia wanaozungumza Kihispania nchini Marekani. Nakubaliana na mengi yaliyomo, ila sikubaliani na suluhisho lililopendekezwa. Mwandishi anasema vyuo vidahili vijana wengi zaidi wa Kilatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, waliokulia kwenye nyumba za Kihispania, na pengo litazibika. Wadahiliwe, tena wengi kuliko sasa. Lakini mara nyingi kijana huyo akishaingia chuoni hufundishwa kila kitu kwa Kiingereza, miaka mitano au sita mfululizo. Kisha anafika kwenye kliniki ya mafunzo na kukabidhiwa wagonjwa wote wa Kihispania kwa sababu tu ana jina la ukoo la Kilatino. Kasoro iko hapo, na makala haikuigusa.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili na Kiingereza hapa Texas. Wengi ninaowahudumia ni wakimbizi kutoka Kongo, na wanaoketi nao kwenye foleni za zahanati mara nyingi ni watu wa Meksiko, Honduras na El Salvador. Saikolojia si fani yangu. Lakini kazi yangu ni kukaa katikati ya mgonjwa na daktari wasioelewana lugha, na najua ukalimani una mpaka wake. Katika tiba ya mazungumzo maneno ndiyo dawa yenyewe. Mgonjwa akisita, akikatiza sentensi, akicheka mahali pasipo na la kuchekesha, mimi natafsiri alichokisema. Kusita kwenyewe sikutafsiri. Ndiyo maana nataka wanasaikolojia wanaoweza kufanya kazi hiyo bila mimi kuwepo chumbani.

Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 62.1 wenye asili ya Amerika ya Kilatini nchini Marekani, yaani asilimia 18.7 ya wakazi wote. Wako wasiojua Kihispania hata kidogo, wako wasiojua kingine, na mamilioni wanaishi ndani ya lugha zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa upande wa watoa huduma, uchunguzi wa mwaka 2015 wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani ulikuta asilimia 5.5 tu ya wanasaikolojia waliosema wanaweza kuhudumia kwa Kihispania. Naomba wasomaji walitazame vizuri hilo neno “waliosema”. Walijieleza wenyewe. Mwanasaikolojia hupimwa takwimu, maadili ya kazi na utambuzi wa magonjwa, hutumikia mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo, kisha hufanya mtihani wa leseni. Katika safari yote hiyo hakuna kipimo cha kitaifa kinachouliza kama anaweza kutibu kwa lugha anayotangaza kwenye tovuti yake. Mkalimani wa Kihispania wa hospitali ana mtihani wa kitaifa wa kuzungumza anaoweza kuufanya ili apate cheti. Anayemkabidhi mtu utambuzi wa ugonjwa wa akili hana.

Madhara ya uzembe huu yana historia ndefu. Tangu miaka ya 1930, George I. Sánchez, msomi aliyekuja kufundisha Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, alikuwa akipinga desturi ya kupima akili za watoto wa Kimeksiko kwa Kiingereza na kuwaita wazito. Hakusikilizwa vya kutosha. Mwaka 1970 wazazi wa California walifungua kesi inayojulikana kama Diana, kwa sababu watoto wao waliokuwa wakizungumza Kihispania walipimwa kwa Kiingereza na kuwekwa kwenye madarasa ya wenye ulemavu wa akili. Walipopimwa upya kwa Kihispania, wengi wao hawakustahili kuwa humo. Jimbo likakubali kwamba mtoto apimwe kwa lugha yake.

Lakini hata hapo kazi haikuisha. Mwaka 1968 ilitolewa tafsiri ya Kihispania ya kipimo cha akili cha Wechsler kwa watu wazima, viwango vyake vya kulinganishia alama vikiwa vimetokana na watu wa Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani. Kipimo hicho kilitumika miaka mingi Marekani bara kwa watu wa kila asili ya Kilatino, na kilitoa alama za juu kuliko kile cha Kiingereza. Mtu aliyeumia ubongo angeweza kuonekana mzima kwenye karatasi. Kipimo cha Kiingereza kiliwafanya watoto wazima waonekane wagonjwa, na hiki cha Kihispania kingeweza kumficha mgonjwa. Anayeweza kuligundua jambo hilo ni mtaalamu aliyefundishwa historia ya kipimo, viwango vyake vilitoka kwa nani, na wapi kisitumike. Lugha ya mama peke yake haimwambii hayo.

Na je, mgonjwa anayejua lugha zote mbili ahojiwe kwa ipi? Mwaka 1973 daktari Luis Marcos na wenzake huko New York walichapisha utafiti uliofanywa kwa kundi dogo la wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, waliohojiwa kwa Kiingereza na kwa Kihispania. Kwa Kiingereza walionekana kuugua zaidi. Miaka mitatu kabla yake, daktari mwingine, Del Castillo, alikuwa ameeleza kinyume chake: wagonjwa waliojizuia walipozungumza Kiingereza, kisha wakadhihirisha ugonjwa walipozungumza lugha yao. Wengine wataona hapa mkanganyiko usio na maana. Mimi naona sababu kamili ya kulifanya jambo hili kuwa somo la chuo kikuu. Kuna mgonjwa anayesimulia kubakwa kwa Kiingereza kwa sababu lugha ya pili inampa nafasi ya kupumua, na kuna mwingine ambaye kilio chake hakitoki mpaka arudi kwenye lugha aliyolelewa nayo. Mtaalamu anayezijua lugha zote mbili, na aliyefundishwa kutazama, huuona ule wakati mgonjwa anapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine na hujiuliza kwa nini amevuka pale. Hilo halipatikani kwa kuzaliwa tu katika miji ya wazungumzaji wengi wa Kihispania kama San Antonio au Miami.

Sasa nije kwenye usimamizi, kwa sababu naamini hapo ndipo mafunzo ya uzamivu yanapofaulu au kuanguka. Mwanafunzi wa saikolojia tiba hujifunza kazi kwa kuona wagonjwa huku msimamizi mwenye leseni akisikiliza rekodi za vikao vyake na kumsahihisha. Sasa chukua kikao kilichofanyika kwa Kihispania na msimamizi asiyejua Kihispania. Mwanafunzi analazimika kusimulia kwa Kiingereza kilichotokea, na msimamizi anasahihisha simulizi. Ni kama kukagua nyumba kwa kumsikiliza fundi aliyeijenga. Ikiwa mgonjwa alitaja kutaka kufa, na mwanafunzi hakutambua tofauti kati ya mtu aliyechoka na maisha na mtu mwenye mpango, msimamizi hana njia ya kuligundua hilo. Leseni inayolinda kikao kile ni yake, lakini hakisikii.

Mzigo huu wanaubeba wanafunzi. Tafiti za walimu wa fani yenyewe zimeeleza mara kwa mara hali ya wanafunzi wanaozungumza Kihispania: wanatafsiri fomu za kliniki, wanapiga simu za kupanga miadi, wanaitwa kukalimani kwa wenzao, wanaandika maelezo ya vikao kwa Kiingereza baada ya saa nzima ya Kihispania, na mara nyingi hakuna posho wala saa zinazopunguzwa kwa ajili hiyo. Wengi wao tangu utotoni ndio waliokuwa wakiwasemea wazazi wao benki na hospitalini. Chuo kinaendeleza kazi ileile na kuiita mafunzo. Kihispania walicho nacho ni cha mezani kwa mama: kitamu, cha upendo, lakini hakina maneno ya kumweleza mzee wa miaka sitini usiri una mipaka gani, au kumuuliza kwa adabu kuhusu ndoa yake na pombe yake. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo tunajua kijana akikosea namna ya kumsemesha mzee, mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza.

Haya yanawezekana, na yamefanywa. Mwaka 1966 Carlos Albizu Miranda alianzisha Puerto Rico taasisi ya kufundisha wanasaikolojia katika mazingira yao wenyewe. Leo ni chuo kikuu chenye jina lake, na kina kampasi San Juan na Miami. Hapa Texas, Chuo Kikuu cha Our Lady of the Lake cha San Antonio kimeandaa mafunzo maalumu ya huduma za kisaikolojia kwa wazungumzaji wa Kihispania, yenye masomo ya Kihispania cha kitaalamu na usimamizi wa vikao kwa Kihispania. Guillermo Bernal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Puerto Rico walionyesha mwaka 1995 mambo manane ya kuzingatia tiba inapopelekwa kwa Walatino, na lugha ni moja tu kati ya hayo. Mengine yanahusu mahusiano na tabibu, malengo ya tiba, mazingira ya maisha ya mgonjwa na kadhalika. Na mwaka 2006 Griner na Smith walikusanya tafiti 76 za tiba zilizorekebishwa kufuata utamaduni wa wagonjwa. Walikuta tiba iliyotolewa kwa lugha ya mgonjwa ilifaa mara mbili zaidi ya ile iliyotolewa kwa Kiingereza.

Najua jibu litakalotolewa: wasimamizi wa Kihispania hawapo wa kutosha. Kweli hawapo, na hawatakuwepo tukiendelea kuwachosha wanafunzi ambao ndio wangekuwa wasimamizi kesho. Martha Bernal, mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Meksiko kupata uzamivu wa saikolojia Marekani, aliupata Indiana mwaka 1962. Zaidi ya miaka sitini ni muda wa kutosha kuandaa kizazi cha walimu, kama ingekuwa nia. Mpaka wapatikane, vyuo vinaweza kushirikiana. Msimamizi wa San Juan anaweza kusikiliza kwa intaneti kikao kilichofanyika Dallas, na alipwe, sheria za leseni zikifuatwa.

Wengine watasema wakalimani wanatosha. Nimeshasema mpaka wetu uko wapi. Niongeze kwamba hata haki ya kupata mkalimani imetikiswa: amri ya Rais Clinton ya Agosti 2000, iliyozitaka taasisi za serikali kuu na wanaopokea fedha zake kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri, ilifutwa Machi 2025. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi, bado ipo, lakini asiye na lugha ana sababu mpya ya kuwa na wasiwasi.

Isisahaulike pia kwamba si kila anayetoka Guatemala au jimbo la Oaxaca huko Meksiko ana Kihispania kama lugha ya kwanza. Wapo wa lugha za wenyeji wa asili kama Kimam, Kik'iche' na Kimixteco, na kliniki huwapa mtoa huduma wa Kihispania na kuamini imemaliza. Wakongo ninaowakalimania wanalijua hilo vizuri, maana wengi wao hupewa mkalimani wa Kifaransa kwa sababu tu fomu imeandika Kongo.

Ninachoomba ni kitu kimoja chenye sehemu mbili. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho tume yake hutoa ithibati kwa programu za uzamivu, kisikubali programu yoyote ijitangaze kuwa inaandaa wataalamu wa lugha mbili bila kupima lugha ya wanafunzi wake kwa kiwango cha kikliniki na bila kuwa na msimamizi anayeielewa lugha ya kikao. Na nyinyi Mhariri, mtakapoandika tena kuhusu uhaba huu, msiulize vyuo vina wanafunzi wangapi wa Kilatino tu. Waulizeni ni vikao vingapi vya Kihispania vilivyofanyika mwaka jana katika kliniki zao, na ni vingapi kati ya hivyo vilisikilizwa na msimamizi aliyekielewa kila kilichosemwa.

Msomaji wenu,
Mkalimani, Houston, Texas