Jumapili Raskazone, nina stori ya ndege

Asalaam alaykum wadau, habari za jioni.

Jpili tukutane palepale Raskazone saa kumi, nimerudi juzi kutoka Uingereza na nina video za kuwaonyesha maana kwa voisi siwezi kuzimaliza. Yule rafiki yangu rubani alinipandisha Tiger Moth jamani, ile ya mabawa mawili, moja juu moja chini, iliruka mara ya kwanza 1931, na mabawa yenyewe yamevikwa kitambaa, ukiligonga kwa kidole linalia kama ngoma. Breki haina. Propela wanaizungusha kwa mkono, jamaa akaivuta kwa nguvu akarudi nyuma haraka, injini ikakohoa ikashika.

Abiria anakaa mbele rubani nyuma, kwahiyo uso wake sikuuona, namsikia tu masikioni, shikilia, sasa! Tukashuka kwanza ili ikusanye spidi halafu akavuta ile fimbo, mwili ukawa mzito yaani hata kunyanyua mkono kazi, nikaona mbingu tupu, kisha mashamba yako juu ya kichwa changu na waya za mabawa zinapiga mluzi. Nilicheka hadi machozi, upepo ukayakausha hapohapo. Na yeye huko nyuma anacheka.

Disemba anakuja Tanga inshallah, nishamuahidi ngalawa mpaka kisiwa cha Toten.

Wa Jpili mnijulishe leo nijue mihogo na kahawa ya wangapi. Watoto waje, hasa yule anayekimbilia nje kila akisikia ndege.