Kabla ya kung'oa dirisha la chuma Jinja, hesabu ukuta

Ndugu Mhariri,

Nyumba nyingi za zamani hapa Jinja, Uganda, zile za enzi ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, bado zina madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo. Siku hizi yanang'olewa ili kuweka aluminiamu ya kusukuma. Mwenye nyumba huuliza bei ya dirisha moja, akapatana na fundi, na kazi ikifika katikati pesa zimekwisha. Mara nyingi zimeishia ukutani, na ukuta haukuandikwa popote kwenye makadirio.

Fremu ya zamani ina masikio ya chuma yaliyozikwa ukutani kwa saruji. Haitoki bila patasi na nyundo, na kila sikio hutoka na bonge la plasta. Tuseme nyumba ina madirisha 8 ya mita 1.2 kwa 1.2. Mzunguko wa moja ni mita 4.8, yote 8 ni mita 38.4, ukihesabu ndani na nje, una karibu mita 77 za kingo za kupiga plasta upya. Kwa upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 15, hiyo ni saruji mfuko mmoja na mchanga toroli mbili. Vifaa ni kidogo, lakini mwashi atakaa hapo siku kadhaa, na kiraka kipya hakijifichi kwa rangi ya kupaka pale pale tu. Utapaka ukuta mzima. Grili nayo mara nyingi imechomelewa kwenye fremu yenyewe, kwa hiyo vinatoka pamoja. Grili ya chuma haichomelewi kwenye aluminiamu. Itabidi utengeneze nyingine ya kufungwa ukutani.

Basi kwanza pima kama dirisha limekufa kweli. Shika bisibisi, chokoa chuma cha chini, pale maji ya mvua yanapotuama. Ikigonga chuma kigumu, kutu ni ya juu juu. Ikizama, kipande hicho kimeoza, lakini hukatwa kikachomelewa kingine bila kugusa ukuta. Chuma cha fremu hizo kina unene wa karibu milimita 3. Paipu ya mraba inayotumika kwenye madirisha mapya ya chuma ni nyembamba zaidi, na maji yakiingia kwenye kiungo kisichozibwa vizuri, huoza kutokea ndani, mahali ambapo rangi haifiki.

Watu pia huona kioo kimepasuka kwenye kona bila kupigwa jiwe, wakadhani fremu imepinda. Sababu ya kawaida ni puti (kijazio laini kinachoshika kioo kwenye fremu) iliyokauka. Puti huachia, maji hupenya nyuma yake, na kutu inayoota inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Inasukuma kioo hadi kinapasuka. Ukibadilisha kioo peke yake bila kuondoa kutu hiyo, kipya kitapasuka vilevile.

Kwa hiyo ondoa kioo na puti yote, piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kisha iache ikauke. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu; usizipige msasa wala brashi zikiwa kavu, zilowanishe kwanza, na watoto wasikae karibu. Kata kioo kikiwa kidogo kwa milimita 3 hivi kuliko nafasi yake, ili kisibanwe. Weka kitanda chembamba cha puti kwanza, kandamiza kioo juu yake, ndipo upige puti ya nje kwa mteremko. Dirisha la vioo 6 hula takriban kilo 2 za puti. Iwe ile ya madirisha ya chuma, si ya mbao, na isipakwe rangi mpaka ijenge ngozi, wiki moja au mbili. Fundi anayepaka rangi juu ya puti jioni hiyo hiyo ili alipwe aondoke anakuharibia kazi.

Kama umeshaamua aluminiamu, pima nafasi baada ya plasta kukauka: upana mara tatu, urefu mara tatu, na kona kwa kona. Tumia kipimo kidogo kabisa, ukipunguza milimita 10. Mwanya wa milimita 5 kila upande silikoni inaumudu. Mwanya wa sentimita 2 uliojazwa silikoni tupu utachanika. Hakikisha reli ya chini ina tundu za kutolea maji upande wa nje, la sivyo mvua ya upepo kutoka ziwani itajaa relini na kumwagikia ndani. Uliza unene wa aluminiamu na uupime kwenye mkato kwa kaliper. Kumbuka pia kwamba dirisha la kusukuma lenye milango miwili hufunguka nusu tu. Ukiziba na matundu ya hewa ya juu, chumba kitakuwa tanuri, na wavu wa mbu utakaofungwa uwe wa kutolewa ukasafishwa, maana wadudu wa ziwa huuziba.

Makadirio yaandikwe kwa vipande: kung'oa, dirisha, kioo na unene wake, grili, plasta, rangi, usafiri wa karibu kilomita 80 kama mali inatoka Kampala, na kama VAT ya asilimia 18 imo au haimo. Nawe Mhariri, pale unapotutolea bei za mahindi na maharage, tunaomba uongeze mistari miwili: kioo cha milimita 4 kwa mita ya mraba, na dirisha la aluminiamu kwa mita ya mraba.

Mafundi wa madirisha,
Walukuba, Jinja